Altaneta kubwa, betri za pembeni au sola: kipi kitabeba muziki wa boti yako?

"Fundi, nitafutie altaneta ya ampea 150. Muziki unakatika jua likitaka kuzama."

Ndivyo alivyonianza mwenye boti mmoja pale Nungwi, kaskazini mwa Unguja, salamu hazijaisha. Boti yake ni ya mbao, futi 40 kasoro, injini ya dizeli ya ndani ya farasi 30 na altaneta ya kiwandani (ile inayozungushwa na injini ili itoe umeme wa kuchaji betri) ya ampea 60. Inatoka na wageni saa kumi na nusu jioni, inakwenda nje kidogo, inazima mashine, inatweka tanga, inarudi saa moja usiku. Juu yake kuna spika nne, sabufa, friji ya soda, taa za kamba na soketi za kuchajia simu, na kila mgeni siku hizi anapanda na simu yenye asilimia 12.

Nilimuuliza swali moja: katika muda huo wa saa mbili na nusu, injini inawaka dakika ngapi? Akahesabu kwa vidole. Ishirini kwenda, ishirini na tano kurudi. Dakika 45 tu. Muda wote uliobaki, saa moja na dakika 45, altaneta imelala. Hata ingekuwa ya ampea 300, altaneta isiyozungushwa ni chuma kilichofungwa kwenye breketi.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vifaa, linganisha boti. Ipo ambayo muziki unapigwa injini ikivuta, na ipo ambayo muziki unapigwa injini ikiwa kimya. Hizo mbili zina majibu tofauti, hata kama spika zao zimetoka duka moja.

Namba ya kwenye kibati

Ampea 60 zilizoandikwa kwenye altaneta ni za mezani kiwandani: altaneta ya baridi, inayozunguka kama mara 5,000 au 6,000 kwa dakika. Kwenye chombo mambo hayako hivyo. Chumba cha mashine kikifungwa na dizeli ikashika moto, nyuzijoto 50 mle ndani si ajabu, na shaba ya moto hupitisha umeme kwa taabu. Mimi hukata robo bila kubishana na mtu: 60 naihesabu 45, 120 naihesabu 90.

Halafu kuna mizunguko. Puli ya injini kwa kawaida huizungusha altaneta mara mbili hadi mbili na nusu ya injini yenyewe. Injini ikiwa silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, tuseme 800, altaneta inapata 1,600 mpaka 2,000, na hapo ile ya ampea 60 inatoa kama 20. Muuzaji akikuonyesha altaneta kubwa, usitazame kibati, mwombe mchoro unaoonyesha ampea kwa kila mzunguko. Zipo altaneta kubwa zilizosukwa kwa ajili ya mbio, na zikiwa silensa zinashindwa na ndogo uliyoing'oa.

Muziki unakula kiasi gani hasa

Boksi la amplifaya yake lilikuwa limeandikwa wati 3,000. Nikaigeuza nyuma, nikatazama fyuzi: mbili, za ampea 30 kila moja. Ampea 60 kwa volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D hugeuza kama asilimia 80 kuwa sauti na zilizobaki zinakuwa joto, basi kinachofika kwenye spika ni wati 660, na hapo imefika mwisho wake. Zile 3,000 ni za kuuzia.

Na hata hizo ampea 60 haziliwi muda wote, kwa sababu muziki una mapigo na una mapumziko. Nilibana waya mwekundu kwa mita ya kubana, nikamwambia kijana wake apige kama anavyopiga akiwa na wageni. Taarab ya taratibu ilikula 9 hadi 12. Alipobadilisha akaweka singeli, mshale ukacheza kati ya 20 na 25, na kila pigo la besi likaruka karibu na 40, taa za kamba zikawa zinakonyeza. Kwa safari nzima, theluthi ya fyuzi ni makisio ya haki: ampea 18 hadi 20.

Amplifaya ya zamani ya daraja AB ingetaka zaidi kwa sauti ileile, kwa sababu karibu nusu ya umeme wake unaishia kwenye mapezi ya kupoozea. Kubadili amplifaya peke yake kunaweza kukupunguzia theluthi ya mzigo wa muziki, na hilo ni rahisi kuliko kubadili altaneta. Watu hawapendi kulisikia, kwa sababu amplifaya kubwa yenye mapezi inapendeza macho.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi hili hapa daftari la ile boti, wastani wa volti 12:

Amplifaya, ampea 18.
Redio yenyewe, 1.5.
Taa za kamba, 3.
Friji, kompresa ikiwaka ni 5, lakini inawaka nusu ya muda, kwa hiyo 2.5.
Simu za wageni, 5.
Redio ya VHF ikisikiliza tu, 0.5. Ukibonyeza kuzungumza inaruka hadi 5 au 6, lakini ni sekunde chache.
GPS na kipima kina, 1.5.
Taa za safari, 1.

Jumla ampea 33. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini tumboni mwa boti, sikuiweka, maana inawaka dakika mbili tatu. Ikiwaka kuliko hapo, shida yako ni kalafati ya kuziba mbao, achana na umeme kwanza.

Saa moja na dakika 45 mashine ikiwa imezimwa, mara ampea 33, ni ampea-saa 58 zinazotoka kwenye betri. Yeye alikuwa na betri moja ya ampea-saa 100, ya maji, na ndiyo hiyohiyo inayowasha injini. Betri hiyo ya maji ni ya risasi, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Muziki ulikuwa unakatika kwa sababu amplifaya ilikuwa inajizima volti zikishuka, na kwa kweli ilikuwa inamwokoa, maana isingejizima yeye angelala huko nje na wageni wake.

Njia ya kwanza: altaneta kubwa

Tuseme tumemfungia ya ampea 120. Ikiwa na moto inatoa 90. Toa 33 za mzigo, zinabaki 57 za kuchaji, kwa dakika 45. Kwa macho zinaonekana nyingi, lakini betri ya risasi haimezi kila unachoimiminia. Benki, yaani betri zilizounganishwa pamoja, ya ampea-saa 200 ya betri za maji, ikiwa imeshuka hadi asilimia 70, inakubali kama 40 hadi 50 mwanzoni, kisha inapunguza kadiri inavyojaa. Kurudi dakika 25 unairudishia labda 19. Kwenda dakika 20, ikiwa tayari imejaa kiasi, 10 hivi. Safari imekula 58, imelipa 29. Nusu ya deni inalala, kesho inaongezeka, na betri ya risasi inayolala bila kujaa hugandiwa na salfeti na kufa mapema. Umelipia ampea 120, wiki ya pili muziki unakatika tena.

Na altaneta kubwa haiji peke yake. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na kwa kuwa altaneta hupoteza karibu nusu ya inachopewa na injini, unachukua farasi tatu na nusu hadi nne. Kwenye injini ya farasi 30 ni zaidi ya moja katika kumi, na ukiwa silensa utaisikia inainama. Mkanda nao: ule mwembamba wa milimita 10 uhesabu mwisho ampea 70 hadi 80, wa milimita 13 kama 100. Zaidi ya hapo unataka mikanda miwili au ule mpana wa mistari, pamoja na puli zake. Ukilazimisha mkanda mwembamba, utauona kwa unga mweusi uliotapakaa kuzunguka puli, kisha harufu ya mpira. Ukiukaza sana ili usiteleze, unaua beringi ya pampu ya maji, kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda mmoja unazungusha vyote viwili.

Waya pia. Wa kiwandani uliwekwa kwa ampea 60. Kwa ampea 100, kutoka altaneta mpaka betri mita tatu, nataka milimita mraba 35, shaba iliyopakwa bati. Hapo unapoteza volti 0.3 kwenda na kurudi. Ukiacha waya mwembamba, altaneta itaona 14.4 kwake, betri itaona 13.6, na waya katikati utapika.

Kuna wanaokimbilia altaneta ya gari ya mtumba kutoka Kariakoo. Kwenye dizeli inafanya kazi, ingawa chumvi itaila haraka na nyingi za magari ya karibuni hazitaki kuchaji vizuri bila kompyuta ya gari. Kwenye injini ya ndani ya petroli sibishani: haifungwi. Altaneta ya baharini imezibwa ili cheche za brashi zisikutane na mvuke, na ya gari haijazibwa hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito, unakaa chini kwenye ngama unasubiri cheche moja.

Sasa haki yake. Altaneta kubwa inashinda pale injini inapozunguka muda mrefu: boti ya kupiga mbizi inayokwenda kisiwa cha Mnemba na kurudi na kusubiri wazamiaji mashine ikiwa silensa, au chombo kinachovuka kwenda Pemba. Ile ya 120 iliyosukwa vizuri inatoa kama 50 hata ikiwa silensa, inabeba ampea 33 zote na kubakisha za betri, wakati ile ya 60 inatoa 20 na kukuacha ukidaiwa 13 kila saa. Ukiwa na boti ya namna hiyo, nunua, pamoja na regyuleta ya nje, kidhibiti cha chaji, yenye kipima joto cha altaneta. Bila kipima joto, hiyo 120 itafanya kazi kama mtu asiyejua kuchoka, mpaka siku moja daiodi zinaungua.

Mwenzangu wa Nungwi aliniuliza, basi si aiache tu mashine silensa wageni wakiangalia machweo? Inawezekana. Ila watu wamelipa kusikia tanga na ngoma, wewe unawapa moshi wa dizeli, na injini ya dizeli haipendi kukaa silensa bila mzigo saa nzima kila siku.

Njia ya pili: altaneta ileile, betri za pembeni, sola

Hii ndiyo niliyomshauri, na ndiyo ninayowashauri wengi wa boti za machweo. Betri ya kuwashia injini inabaki peke yake, haiguswi na muziki. Pembeni yake benki ya muziki, betri mbili za ampea-saa 100. Katikati relei ya volti, inayoziunganisha volti zikipanda kama 13.3 injini ikichaji, na kuzitenganisha zikishuka. Zile daiodi za kugawa chaji za zamani siziweki tena, zinakula volti 0.6 bure.

Altaneta ya 60 bado inatoa 45 ikiwa na moto. Toa 33, zinabaki 12, kwa dakika 45 ni ampea-saa 9. Deni la siku linabaki 49, na ukiongeza upotevu wa kuchaji betri za risasi, lazima urudishe kama 57.

Hapo ndipo jua linaingia. Boti ya machweo inashinda imetia nanga juani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, haina kazi. Paneli ya wati 250 juu ya kitambaa cha kivuli, kwa jua la Unguja, sawa na karibu saa tano za jua kali kwa siku, ukiondoa robo kwa joto, chumvi na kivuli cha mlingoti, inakupa kama ampea-saa 70. Deni linalipwa na chenji inabaki. Na inachaji polepole mchana kutwa, namna ambayo betri ya risasi inaipenda, mpaka inajaa kweli.

Masika paneli itakuangusha, mawingu siku tatu mfululizo. Lakini masika ni lini ulipata wageni wa kila siku? Kama unapata, funga boti gatini usiku uichaji kwa umeme wa nchi kavu.

Kasoro yake ni nafasi. Betri mbili za risasi ni karibu kilo 50 hadi 60, na paneli inataka mahali ambapo tanga haliifuniki. Kwenye dau dogo hakuna. Na ukiwa na nahodha anayependa kuegemea kila kitu, paneli itapasuka.

Lithiamu

Nizungumzie kidogo, maana kila mtu anaitaja. Betri moja ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ampea-saa 100, inakaribia kufanya kazi ya mbili za risasi, kwa sababu unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiua, na ina kilo 12 hivi. Zaidi, inameza chaji yote unayoipa. Ile altaneta ya 120 ingeirudishia kama 43 katika dakika 45, si 29. Kwa hiyo lithiamu ndiyo inayoipa maana altaneta kubwa kwenye safari fupi.

Balaa lake ni hilohilo. Kwa kuwa haikatai, altaneta ndogo ya kiwandani ikiunganishwa nayo moja kwa moja inatoa yote iliyo nayo, muda wote, na altaneta hizo hazikutengenezwa kutoa yote muda wote. Niliitwa kwenye boti moja iliyofungwa hivyo, shelaki ya kwenye koili imegeuka nyeusi kama kahawa. Weka chaja ya betri kwa betri (DC-DC), ya ampea 30, inayochukua kutoka betri ya injini na kuilisha lithiamu kwa kiasi. Tena betri ya lithiamu ina ulinzi wa ndani unaoweza kujikata ghafla, na altaneta iliyokatiwa betri ikiwa inachaji inarusha volti zinazoua daiodi zake na redio yako kwa pamoja. Ndiyo sababu ileile huzungushi swichi kuu ya betri kuwa sifuri injini ikiwaka. Andika kwa rangi nyekundu pembeni ya swichi, kwa sababu kijana mpya atafanya.

Kama una mashine ya nje

Hapa mambo ni mafupi. Mashine nyingi za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, hazina altaneta ya mkanda, zina koili chini ya flaiwili yenye sumaku, na ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Zile za farasi 40 za stroki mbili zilizojaa pwani yetu yote zina koili ya taa ya wati 80 hivi, wakati mwingine bila hata kirekebishaji cha kuchajia betri. Hiyo inatosha taa na simu ya nahodha. Mashine za stroki nne ni nyingine: Yamaha F115 inatoa ampea 35, F300 inatoa 70, lakini kwenye mbio. Mashine yenyewe inakula sehemu yake kwa pampu za mafuta na plagi, na mwendo wa polepole unapunguza zaidi.

Kwa hiyo kwa boti nyingi za mashine ya nje swali la altaneta halipo. Linganisha ukubwa wa benki na sola tu, na kama boti ni ya mashine ya farasi 40 bila nafasi ya paneli, punguza muziki. Spika mbili na redio yenye amplifaya yake ndani, ampea 4 au 5, zinasikika vizuri kwenye boti ya futi 20. Sabufa haina haja, mwili wote wa faiba unatetemeka wenyewe.

Kuhusu kijenereta cha petroli cha kubeba mkononi: kelele, petroli juu ya sitaha yenye wageni, na moshi usioonekana unaoua ukiingia chini ya kivuli. Kwenye boti ya abiria hapana.

Yule wa Nungwi alichagua betri mbili na paneli ya wati 250. Tukabadilisha na kamba zake zote za taa kuwa za LED, maana zilikuwa za balbu. Wiki mbili baadaye akanipigia: muziki haukatiki tena, lakini sasa kwenye spika kuna mluzi, injini ikipanda nao unapanda. Nikaenda. Waya hasi wa amplifaya ulikuwa umefungwa kwenye bloku ya injini, wa redio umefungwa kwenye swichi ya taa, na umeme wa altaneta ulikuwa unazunguka kati yao ukipita kwenye waya za sauti. Nikahamisha zote mbili mpaka kwenye baa moja ya hasi pembeni ya betri. Mluzi ukanyamaza. Ilibaki kelele ya kompresa ya friji, na hiyo alisema wageni hawaisikii.